Makabidhiano ya Jioni

Mwanamke huyu ana mazoea ya kugusa vitu kwa mgongo wa mkono. Pasi, kikombe cha chai, paji la uso la mtoto, hata ukuta wa nyumba jua likiuchoma, vyote huvigeuzia mkono akavigusa kwa upande wa juu wa vidole. Alipoolewa wifi zake walimcheka, wakadhani ni maringo. Hayakuwa maringo, ni kazi. Huu ni mwaka wa kumi na moja yuko kwenye mtambo wa kusukuma maji, na opereta hupima joto la mota kwa mgongo wa mkono, kwa sababu kiganja kikinaswa na umeme hujifumba kikang'ang'ania, lakini mgongo wa mkono ukishtuka hujiondoa wenyewe. Aliyemfundisha ni opereta mkongwe aitwaye Mzee Geji. Jina hilo alipewa kwa kuwa haamini geji yoyote asiyoifuta kwa kitambaa chake mwenyewe.

Mzee Geji alimfundisha na jambo la pili, kwamba zamu hukabidhiwa uso kwa uso. Pampu ziko tatu na hazilali. Anayetoka hawezi kuvaa viatu akajiendea zake. Atasimama mbele ya anayeingia, daftari likiwa wazi mezani, amweleze hali ya kila pampu, na la kwanza kusemwa ni joto. Pampu ya kwanza haina joto. Ya pili ina joto kidogo upande wa beringi, iangaliwe. Ya tatu imezimwa. Akimaliza, anayeingia husema, "Nimepokea." Neno hilo lisipotamkwa, zamu bado ni ya anayetoka, hata awe anadondoka kwa usingizi.

"Maji yakikatika," Mzee Geji alikuwa akisema, "watu hawaulizi nani alikuwa amechoka. Wanauliza nani alipokea."

Mumewe ni mtu wa namna nyingine kabisa. Ni fundi wa kunyoosha mabodi ya magari, anashinda gereji akigonga mabati kwa nyundo ya mpira, na kwa sababu ya kelele hizo amezoea kusema kwa sauti ya juu hata anapoomba chumvi mezani. Ni mcheshi, ana marafiki kila kona, na tangu ujana wake Jumatano jioni ni ya drafti. Hucheza kwa vizibo vya soda na mafundi wenzake, mshindi hana anachopata ila haki ya kuwasimanga wengine hadi Jumatano ijayo. Yeye ndiye aliyemwita mkewe Mama Zamu, na jina likamganda.

Mtoto wa kiume alipozaliwa, miezi mitano iliyopita, utaratibu wa mtamboni ulihamia nyumbani. Walikubaliana kwamba mmoja akitoka, mwingine yumo. Jumatano ni ya Fundi. Jumamosi ni ya Mama Zamu, aende saluni kwa dada yake akasukwe, akacheke, akasikie habari za watu wasiovaa nepi. Na wakati wa kutoka lazima makabidhiano yafanyike.

"Hana joto," Mama Zamu huanza, mtoto akiwa begani. "Amenyonya saa kumi na nusu. Amecheua mara mbili. Nepi ni mpya, usiniharibie sifa. Maziwa niliyokamua yako kwenye chupa yenye kifuniko cha bluu."

"Sawa."

"Sawa si jibu."

"Nimepokea, Mheshimiwa Opereta," Fundi husema, akipiga saluti kwa mkono ulio huru.

Biashara ya kubadilishana jioni nayo ilikuwa na vituko vyake. Fundi akitaka Jumatano yake isogezwe Alhamisi kwa sababu mwenzake mmoja ana safari, huanza kubembeleza tangu Jumapili. Huosha vyombo bila kuombwa. Husifia nywele ambazo hazijasukwa. Mkewe humwacha aoshe hadi sufuria ya mwisho ndipo amkubalie. Majirani waliowasikia walisema hawa wawili wanaishi kwa raha, na kwa sehemu kubwa hawakukosea.

Ila kulikuwa na jambo moja ambalo halikuwa na biashara. Wawili hao hawakutoka pamoja hata mara moja, na mtoto hakuachiwa mtu mwingine yeyote. Dada mwenye saluni alijitolea, akakataliwa kwa adabu. Bibi wa mtoto, mama yake Fundi, hakujitolea, na hakuna aliyemwomba.

Bibi alikuwa akija kila Ijumaa alasiri. Alikuwa mpishi wa shule kwa miaka mingi, mwanamke mnene mwenye mikono mipana iliyokoroga uji wa watoto mia tatu kila asubuhi, na mtaani bado kuna wanaume wenye ndevu wanaomwamkia kwa kumkumbusha uji huo. Lakini kwa mjukuu huyu alikuja na matunda tu, amefunga kwenye kitambaa. Alikaa kwenye kiti cha karibu na mlango, mikono ameipakata mapajani, akamtazama mjukuu kutoka huko huko. Mtu akimsogezea mtoto, hakukosa sababu. Leo ametoka kumenya vitunguu. Leo ana mafua. Leo mikono ina baridi, mtoto atashtuka. Baada ya nusu saa aliaga.

Sababu yake walikuwa wakiijua wote watatu, na hakuna aliyeitaja. Kabla ya mtoto huyu alikuwapo mwingine, wa kike. Alikuwa na miezi tisa, meno mawili ya chini, na ugomvi mkubwa na soksi. Jumamosi moja, miaka mitatu iliyopita, rafiki wa Fundi alikuwa anaoa. Mama Zamu hakuwa ametoka jioni tangu ajifungue. Alishonesha gauni, akalitundika mlangoni wiki nzima, kila akipita analigusa. Siku hiyo Bibi alikuja kukaa na mtoto. Waliporudi saa nne usiku walimkuta amelala usingizi usioamshika, mwili unawaka. Wakamkimbiza hospitali. Kulipopambazuka hakuwa nao tena.

Daktari aliwaita wazazi peke yao, akataja jina la maradhi. Kisha akasema maneno ambayo pengine angekaa nayo tu: "Mngemwahi mchana, huenda."

Koridoni Fundi alipiga ukuta kwa ngumi. "Mama alikuwa naye jioni nzima! Jioni nzima, hakuona?" Alisema kwa ile sauti yake ya gereji. Bibi alikuwa amekaa kwenye benchi, hatua tano kutoka hapo, na hakuwa kiziwi.

Mama Zamu alifungua mdomo, akaufunga. Na hapo ndipo ulipo mzigo wake wote, msomaji, nami sitakuzungusha. Siku ile saa tisa mchana, kabla Bibi hajafika, alimgusa mwanawe kwenye paji la uso kwa mgongo wa mkono, akasikia joto. Halikuwa la kutisha. Mtamboni lingeandikwa "joto kidogo, iangaliwe," na anayeingia angelipokea kwa macho mawili. Akajiambia ni meno. Akajiambia akilisema, Bibi atasema msiende, au Fundi ataenda peke yake, na gauni litarudi kabatini. Bibi alipoingia, alimpa mtoto na kumwambia, "Ameshalala mchana, mama. Akilia mpe uji." Mwanamke ambaye hajawahi kuficha joto la pampu hata siku moja alificha la mwanawe kwa sababu ya gauni. Alinyamaza mlangoni, akanyamaza koridoni, akanyamaza miaka mitatu. Fundi aliyaona makabidhiano ya nyumbani kuwa mazoea ya kazini, akayafanyia mzaha. Hakujua kwa nini kila mara yanaanza na "hana joto."

Mambo yangeweza kuendelea hivyo hivyo. Watu huzeeka na mizigo mikubwa kuliko huo. Lakini Mzee Geji alifikia umri wa kustaafu, na uongozi ukaamua kwamba usimamizi wa zamu aushike Mama Zamu. Sherehe ya kumuaga iliwekwa Jumamosi, saa kumi na mbili jioni, kwenye ukumbi mdogo wa wafanyakazi, na kila mmoja aje na mwenzi wake. Mzee mwenyewe alisisitiza. Alitaka kumkabidhi funguo mbele ya watu.

Fundi alifurahi kuliko aliyepandishwa cheo. Akatoa viatu vyake vya harusi, akavipiga rangi, akaviweka dirishani. Kisha Jumatatu, wanafua nguo za mtoto uani, akasema kana kwamba anasema habari za hali ya hewa, "Nimeshamwambia mama."

Mama Zamu aliacha nepi ndani ya beseni. "Umemwambia nini?"

"Aje Jumamosi akae na mtoto. Saa mbili tu na kidogo."

"Tulikubaliana mmoja akitoka mwingine yumo."

"Tulikubaliana, au uliamua nikaitikia?"

"Nenda wewe, basi. Mimi nitabaki."

"Niende mimi kwenye sherehe yako?" Fundi aliinuka, povu likimchuruzika mikononi, na kwa mara ya kwanza mkewe alimsikia akiishusha sauti badala ya kuipandisha. "Mke wangu, mpaka lini utamhukumu mama yangu? Mimi nilimsema siku moja, tena kwa uchungu, na bado najuta. Wewe unamsema kila Ijumaa bila kufungua mdomo. Anakaa mlangoni kama mgeni. Kila nikimpa mtoto ananitazama, kisha anakutazama wewe."

"Mimi simhukumu."

"Unafanya nini basi?"

Mkewe alirudisha mikono ndani ya maji. Alichokuwa akifanya kila Ijumaa ni kushindwa kumtazama mama yule machoni. Sasa aliona kwamba kutoka upande wa mlango, kutotazamwa na kuhukumiwa ni kitu kimoja. Hilo lilimuumiza kuliko maneno yote ya mumewe.

Kesho yake zamu ilimkuta na Mzee Geji. Kelele za pampu ni kubwa, kwa hiyo maongezi ya maana hufanyika kwenye chumba cha daftari, mlango umefungwa. Alimwambia mzee kwamba hatakuja Jumamosi, na kwamba funguo apewe mwingine.

Mzee alikuwa anafuta miwani. "Kwa nini?"

"Niliwahi kuacha zamu bila kusema joto."

"Pampu gani?"

"Haikuwa pampu, mzee."

Mzee Geji alimzika mtoto yule pamoja nao. Alikuwa mmoja wa waliobeba kile kijeneza kidogo, ambacho kwa kweli kingebebwa na mtu mmoja. Aliendelea kufuta miwani muda mrefu, na ilikuwa safi tangu mwanzo.

"Aliyepokea anajua?"

"Hajui. Lawama amebeba yeye."

"Basi zamu hiyo bado ni yako," mzee alisema. Hakusema kwa ukali. "Funguo nitakuja nazo Jumamosi. Ukija, njoo umeshaikabidhi."

Jumamosi ilifika. Mama Zamu alivaa gauni la kawaida la kazini-na-nyumbani, lililofuliwa vizuri. Lile jingine alikwisha kuligawa zamani. Saa kumi na moja kamili Bibi alibisha hodi.

Alikuwa amevaa nguo iliyopigwa pasi hadi mikunjo imesimama. Hata kabla ya kuamkiwa alinyoosha mikono yote miwili mbele yake, akasema, "Nimenawa."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimenawa hadi kwenye viwiko. Na sina mafua." Kisha akatoa kwapani daftari la shule, jipya, na kalamu imechomekwa ndani. "Mwanangu aliniambia mnakabidhiana. Niandikie kila kitu humu. Mimi ni mzee, sitaki kusahau. Safari hii nataka iandikwe."

Fundi alicheka kidogo mlangoni, akiwa na pembe ya kuvalia kiatu mkononi. Mkewe hakucheka. Aliketi mezani, akafungua daftari ukurasa wa kwanza. Mtoto alikuwa amelala kwenye mkeka wake, ngumi mbili juu, kama mtu aliyejisalimisha. Akamgusa pajini kwa mgongo wa mkono. Akaandika: Hana joto. Kalamu ikakwama hapo. Aliyaona maneno hayo mawili, akaona na yale ambayo yangepaswa kuandikwa miaka mitatu iliyopita, na akajua kwamba akiandika mstari wa pili kabla ya kusema, hatasema tena maisha yake yote.

"Mama," alisema. "Kuna zamu moja sikukukabidhi vizuri."

Bibi alikuwa bado amesimama.

"Siku ile mtoto alikuwa na joto. Mchana, kabla hujafika. Nilimgusa, nikasikia. Sikukuambia. Nilijua ukijua hamtaniruhusu kwenda, na mimi nilitaka kwenda. Hukukosea kitu, mama. Nilikupa mtoto mgonjwa nikakuambia ni mzima. Na hospitali, uliposemwa vile, nilikaa kimya."

Pembe ya kiatu ilianguka sakafuni. Fundi hakuiokota. Aliutazama mgongo wa mkewe kama anautazama mgongo wa mtu asiyemjua.

Bibi alivuta kiti, si kile cha mlangoni bali cha mezani, akakaa taratibu.

"Kwa hiyo haukuwa uji," alisema.

"Uji gani, mama?"

"Nilimpa uji. Vijiko sita. Aliukataa, nikamshika kidevu nikamlazimisha, nikasema mtoto gani huyu anakataa uji wangu. Akalala. Hamkuniambia daktari alisema nini. Mlitoka mle ndani hamnitazami. Nikajua ni uji." Alitazama mikono yake iliyotakata. "Miaka thelathini nimelisha watoto wa watu, nikasema wa kwangu ndiye nimemuua kwa mkono huu. Sufuria nimezigawa zote. Sijapika uji tangu siku ile. Hata harufu yake nikiisikia kwa jirani nafunga dirisha."

Mama Zamu alipiga magoti, kichwa akakilaza kwenye mapaja ya mama mkwe, akalia kilio ambacho hakukilia hata makaburini. Bibi hakumwambia nyamaza. Hakumwambia pia kwamba amemsamehe, maana mtu hasamehi miaka mitatu kwa dakika mbili, na yeye hakuwa mtu wa kusema asichokuwa nacho. Mkono wake mmoja ulikaa hewani muda, kisha ukashuka, ukatua begani kwa mkwewe, ukabaki hapo.

"Andika yaliyobaki," alisema hatimaye. "Amenyonya saa ngapi?"

Akaandika. Saa kumi. Amecheua. Nepi ni mpya. Kifuniko cha bluu. Bibi alipitisha kidole mstari kwa mstari, kama alivyokuwa akikagua unga stoo. Kisha aliinama mkekani, akamwinua mjukuu wake kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, akamweka kifuani, na akamgusa pajini mwenyewe. Aligusa kwa kiganja, akageuza mkono akagusa na kwa mgongo wake, kama alivyomwona mkwewe akifanya.

"Hana joto," alisema. "Nimepokea. Nendeni, wenzenu wanawangoja."

Walikwenda. Fundi alitangulia hatua kumi mbele, mikono mfukoni, na mkewe hakumwita. Ukumbini Mzee Geji aliyatazama macho yake mekundu, akauliza kwa nyusi tu, naye akaitikia kwa kichwa. Alipopewa funguo alisema lile neno moja linalotakiwa, watu wakapiga makofi. Fundi naye alipiga, ameukaza uso. Alikula alichopewa, akawajibu waliomsemesha, akakaa kiti kilekile hadi mwisho. Hakumsemesha mkewe.

Waliporudi saa mbili na dakika chache, waliisikia harufu kabla ya kufungua mlango. Fundi alisimama na ufunguo wa nyumba mkononi. Ndani, Bibi alikuwa jikoni, mtoto mgongoni amefungwa kwa khanga amelala, na kwenye jiko kisufuria kidogo kabisa, kile cha kuchemshia maziwa. Alikuwa anakoroga.

"Si wa mtoto," alisema bila kugeuka. "Wa kwangu. Nimeutamani."

Daftari lilikuwa mezani. Ukurasa mzima ulikuwa umejaa mwandiko mkubwa wa mpishi, kila robo saa mstari wake: hana joto, hana joto, hana joto.

Fundi alivua viatu vya harusi, akaenda kusimama nyuma ya mama yake. "Mama, nilikukosea siku ile."

"Ulinikosea, ndiyo," Bibi alisema. "Lete vikombe."

Walikunywa uji wote watatu, na ulikuwa na madonge kidogo, maana mkono ulikuwa umesahau. Bibi alipomaliza alifungua khanga, akampa mwanawe mtoto, akaaga. Mlango ulipofungwa, Fundi alibaki amesimama katikati ya chumba na mtoto kifuani. Mkewe alikuwa upande wa pili wa meza. Alijua mumewe anaweza kuupita mlango ule na asirudi wiki nzima, na kwamba yeye hana haki ya kumuuliza.

Fundi aliizunguka meza, akamfikia. Macho yalikuwa yamemvimba, na saluti hakupiga. Alimgeuzia mtoto mgongo wa mkono wake mzito wa nyundo, akamgusa pajini, akangoja hadi awe na hakika.

"Hana joto," alisema. "Pokea."

Mama Zamu alinyoosha mikono.

"Nimepokea," alisema.